Johannesburg: Watu wa kujitolea wanaoongoza sala ya kimya

Johannesburg ni jiji lililozaliwa na dhahabu mwaka 1886, na hadi leo linajulikana zaidi kwa biashara, foleni za magari na siasa. Hata hivyo, katika kumbi za parokia na vyumba vya nyuma vya makanisa, yapo makundi madogo ya Wakristo yanayokutana kila wiki kwa jambo moja tu: kukaa kimya pamoja.

Makundi hayo hayana kwaya wala vipaza sauti. Aghalabu hayaongozwi na kasisi au mchungaji, bali na walei, wake kwa waume, wanaojitolea bila mshahara. Baadhi yao ni Wakatoliki, wengine Waanglikana, Wamethodisti au Wapresbiteri, na wapo pia watu ambao wameacha kwenda kanisani lakini hawajaacha kumtafuta Mungu.

Makala haya yanaeleza sala hiyo ni ya namna gani, ilitoka wapi, watu hao wa kujitolea hufanya kazi gani hasa, na kwa nini uongozi wao unazua maswali yanayowahusu pia waumini wa Afrika Mashariki.

Sala ya taamuli ni nini?

Mapokeo ya Kikristo hutofautisha namna kadhaa za kusali. Ipo sala ya midomo, ambamo mwamini hutamka maneno, kama vile rozari au litania. Ipo sala ya kutafakari, ambamo akili huchambua kifungu cha Maandiko. Ya tatu ni sala ya taamuli, ambamo maneno na mawazo huachwa kando, na mwenye kusali hubaki akielekeza moyo wake kwa Mungu bila kuomba lolote.

Njia inayofundishwa na makundi mengi ya leo ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuifuata. Mtu huketi wima, hufumba macho, na kurudia neno moja takatifu polepole kwa muda wa dakika 20 hadi 30, asubuhi na jioni. Neno linalopendekezwa mara nyingi ni "maranatha", lenye asili ya Kiaramu, ambalo Mtume Paulo alilitumia mwishoni mwa waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho na ambalo humaanisha kuja kwa Bwana.

Mawazo yakimjia, kama lazima yatamjia, hatakiwi kupigana nayo. Hulirudia lile neno. Walimu wa njia hii husisitiza kwamba anayeanza hana budi kukubali kushindwa kila siku, na kuanza tena kesho yake.

Mbegu iliyotoka Misri

Wako wanaodhani kwamba ukimya wa aina hii ni jambo la Ulaya, au limeazimwa kutoka dini za Asia. Historia inaonyesha kwamba chimbuko lake katika Ukristo liko katika ardhi ya Afrika.

Katika karne ya 3 na ya 4, Wakristo wa Misri walianza kwenda kuishi jangwani ili kusali na kufanya kazi za mikono. Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Antoni wa Misri, aliyefariki dunia mwaka 356. Wengi wa hao waliokuja kuitwa Mababa na Mama wa Jangwani hawakuwa makasisi. Walikuwa watu wa kawaida, na waliomwendea kuomba ushauri walimfuata mzee kwa sababu ya hekima yake, si kwa cheo chake.

Mtawa John Cassian aliishi miongoni mwao kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda kusini mwa Ufaransa, ambako aliandika mafundisho yao, yakiwemo yale ya kurudia kifungu kifupi kimoja katika sala. Karne moja hivi baadaye, Benedikto wa Nursia aliwaagiza watawa wake wayasome maandishi ya Cassian, na kwa njia hiyo mafundisho ya jangwa la Misri yakahifadhiwa katika monasteri za Ulaya.

Aliyeyatoa tena nje ya kuta za monasteri ni John Main, aliyezaliwa London mwaka 1926. Akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko Malaya katika miaka ya 1950, alijifunza kutafakari kwa mwalimu wa Kihindu. Baadaye alijiunga na Wabenedikto, na alipoyasoma maandishi ya Cassian alitambua kwamba njia kama hiyo ilikuwamo ndani ya Ukristo tangu zamani. Mwaka 1975 alianzisha kundi la tafakuri katika abasia ya Ealing, magharibi mwa London. Miaka miwili baadaye alihamia Montreal, Canada, ambako alifariki dunia tarehe 30 Desemba 1982.

Kazi yake iliendelezwa na mwanafunzi wake, padri Laurence Freeman, na mwaka 1991 ikaundwa Jumuiya ya Ulimwengu ya Tafakuri ya Kikristo. Jumuiya hiyo ina makundi katika nchi nyingi duniani, na Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako imeota mizizi.

Kundi linavyoendeshwa

Jumuiya hiyo husimama juu ya mabega ya watu wa kujitolea. Ngazi ya chini kabisa ni kundi la kila wiki, ambalo huweza kuwa na watu watatu au thelathini. Juu yake wapo waratibu wa maeneo na mratibu wa taifa, nao pia kwa kawaida hufanya kazi hiyo kando ya ajira zao au baada ya kustaafu.

Mkutano wenyewe huchukua kama saa moja. Kiongozi hufungua mlango, hupanga viti kwa duara na kuwasha mshumaa. Hufuata fundisho fupi, lililoandikwa au lililorekodiwa. Kisha kengele ndogo hulia, na ukimya huanza. Ikilia tena, wanaotaka kuuliza swali au kusema neno hupewa nafasi, na baada ya hapo watu huagana.

Kwa mtazamo wa nje kazi hiyo ni nyepesi. Waliokwisha kuifanya katika jumuiya za aina hii wanajua kwamba ugumu uko kwingine. Kiongozi hutakiwa kuwapo kila wiki, hata siku ambayo hatafika mtu mwingine. Hutakiwa kumpokea mgeni bila kumhoji, kutunza siri za wanaomweleza shida zao, na kujua mipaka yake. Ukimya huweza kuamsha huzuni au hofu iliyozikwa kwa miaka, na mwenye dalili za maradhi ya akili anahitaji daktari au mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, wanaotaka kuongoza huhudhuria mafunzo mafupi na mafungo. Jambo la kwanza wanalofundishwa ni kwamba wao si magwiji wa kiroho. Mwalimu, kwa msemo uliozoeleka miongoni mwao, ni ukimya wenyewe.

Jiji lenye mapokeo yake

Sala ya kimya haikuingia Johannesburg na John Main. Mwanzoni mwa karne ya 20, watawa wa Kianglikana wa Jumuiya ya Ufufuko kutoka Mirfield, Uingereza, walianza kazi katika mji huo, na makao yao yakawa Rosettenville, kusini mwa jiji. Mmoja wao, Trevor Huddleston, aliwasili mwaka 1943 na kujulikana kwa kupinga kubomolewa kwa mtaa wa Sophiatown.

Katika chuo cha watawa hao cha Mtakatifu Petro ndiko alikosomea theolojia kijana Desmond Tutu, kati ya 1958 na 1960. Tutu alieleza mara nyingi kwamba kutoka kwao alijifunza kuwa sala si pambo la maisha bali ni uti wake wa mgongo. Alipokuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria jijini Johannesburg mwaka 1975, Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini kuanzia 1978, na Askofu wa Johannesburg mwaka 1985, aliendelea kuamka kabla ya mapambazuko ili kukaa kimya mbele ya Mungu. Waliofanya kazi naye, hadi kifo chake tarehe 26 Desemba 2021, walijua kwamba saa hizo hazikuguswa na shughuli nyingine yoyote.

Mwingine ni padri Albert Nolan, Mdominika mzaliwa wa Cape Town aliyefanya kazi kwa miaka mingi Johannesburg. Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika lake duniani kote, akaomba asishike wadhifa huo ili abaki katika mapambano nyumbani. Mwaka 2006 alichapisha kitabu chake "Jesus Today", kinachowahimiza watu wa kawaida, wakiwemo wanaharakati, kujenga desturi ya ukimya wa kila siku. Alifariki dunia mwezi Oktoba 2022.

Ukimya au kunyamaza?

Katika Afrika Kusini neno "kimya" lina historia chungu. Wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, wako Wakristo waliosali kwa utulivu Jumapili na kufumba macho Jumatatu. Waraka wa Kairos, uliotolewa mwaka 1985 na wanatheolojia waliokutana Soweto na Johannesburg, ulikemea dini ya namna hiyo, inayojishughulisha na roho ya mtu binafsi na mambo ya mbinguni huku ikiacha dhuluma iendelee.

Shutuma hiyo bado inawakabili wanaoongoza makundi ya tafakuri leo. Katika jiji lenye pengo kubwa kati ya matajiri na maskini, je, kufumba macho kwa nusu saa si anasa ya walioshiba?

Jibu linalotolewa ni kutofautisha ukimya na kunyamaza. Anayenyamaza huogopa kusema, na anayekaa kimya hujifunza kusikiliza kabla ya kusema. Maisha ya Tutu hutajwa kama ushahidi, kwani mtu aliyekaa kimya kila alfajiri ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wengi mchana. Waswahili walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wapo pia waliojaribu kuunganisha mambo hayo mawili kwa vitendo. Mchungaji wa Kimethodisti Trevor Hudson, aliyehudumu kwa miaka mingi Benoni, mashariki mwa Johannesburg, alianzisha safari alizoziita hija za uchungu na matumaini. Waumini wa vitongoji vya Wazungu walikwenda kuishi kwa siku kadhaa na familia za Weusi, wakiwatembelea wenye mateso, na kisha wakatafakari kwa ukimya yale waliyoyaona na kuyasikia.

Njia nyingine, watu wale wale

Tafakuri ya John Main ni njia moja tu. Taasisi ya Wajesuiti iliyoko Johannesburg huwaandaa walei na makasisi wa makanisa mbalimbali kuwasindikiza wengine katika Mazoezi ya Kiroho ya Ignasi wa Loyola. Katika wiki za sala zinazoongozwa, mwamini husali nyumbani kila siku, kisha hukutana na msindikizaji ambaye kazi yake kubwa ni kusikiliza.

Wakweka, au Kanisa la Marafiki, nao hukutana Johannesburg kwa ibada ya kimya isiyo na mchungaji. Kazi zote, kuanzia uenyekiti wa vikao hadi kuwatembelea wagonjwa, hugawanywa kwa zamu. Jambo hili laweza kuwashangaza wasomaji wa Kenya. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka tawi la Marekani lililokuwa na wachungaji na nyimbo, na ndiyo maana ibada za Marafiki wengi wa magharibi mwa Kenya hazifanani na zile za Johannesburg.

Mchango wa Afrika Kusini unaofahamika zaidi Afrika Mashariki, pengine bila wengi kujua ulikotoka, ni ule wa Taasisi ya Lumko. Taasisi hiyo ya Kikatoliki ilianza mwaka 1962 katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Rasi ya Mashariki, na baadaye ikahamia Germiston, jirani na Johannesburg. Mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao wote wawili walikuja kuwa maaskofu, waliandaa huko mafunzo ya viongozi walei pamoja na Hatua Saba za kushirikishana Injili.

Katika hatua hizo, wanajumuiya humkaribisha Bwana, husoma Maandiko, huyarudia maneno yaliyowagusa, hukaa kimya, hushirikishana, hujadili kazi ya kufanya na kumaliza kwa sala. Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimetumia utaratibu huo, zikiongozwa na walei. Hatua ya nne, ile ya ukimya, ndiyo inayorukwa kwa urahisi zaidi pale muda unapobana.

Vijana nao wamekutana na sala ya kimya kupitia jumuiya ya Taizé ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Ndugu Roger mwaka 1940. Jumuiya hiyo iliandaa mkutano wa vijana Johannesburg mwaka 1995, Nairobi mwaka 2008, Kigali mwaka 2012 na Cape Town mwaka 2019.

Mashaka ya makanisa

Si kila kiongozi wa kanisa anaifurahia sala hii. Wapo wahubiri, hasa wa makanisa ya kiroho, wanaoonya kwamba kuiondoa akili katika mawazo yake ni kufungulia mlango pepo wachafu. Wengine huona kurudia neno moja kuwa ni desturi ya Kihindu iliyovishwa kanzu ya Kikristo.

Kanisa Katoliki lilitoa msimamo wake tarehe 15 Oktoba 1989, katika barua kwa maaskofu iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16. Barua hiyo ilionya dhidi ya kuifanya sala kuwa mbinu ya kujipatia utulivu wa mwili, na kusahau kwamba ni uhusiano na Mungu. Hata hivyo, haikupiga marufuku mbinu zenyewe, mradi maana ya sala ya Kikristo ihifadhiwe.

Madaraka bila mshahara

Swali zito zaidi ni la madaraka. Nani ana haki ya kuiongoza roho ya mtu mwingine, na nani anamsimamia?

Afrika Kusini imelijadili suala hilo kwa uchungu. Baada ya visa vya wahubiri waliowalisha waumini majani, tume ya nchi hiyo inayolinda haki za jamii za kitamaduni, kidini na kilugha ilianza uchunguzi mwaka 2015 juu ya biashara katika dini. Pendekezo lake la kuwasajili viongozi wa dini lilipingwa na makanisa mengi kwa hoja ya uhuru wa kuabudu. Nchini Kenya, maafa ya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, yalizusha mjadala wa namna hiyo hiyo.

Makundi ya sala ya kimya yana kinga fulani. Hakuna sadaka ya lazima, hakuna unabii, na hakuna kiti cha heshima kwa kiongozi. Lakini kutolipwa mshahara peke yake si dhamana. Mtu anayejitolea naye aweza kupenda utukufu, na aliyeongoza kundi kwa miaka 20 aweza kuliona kuwa mali yake. Ndiyo maana jumuiya zenye busara huweka muda wa uongozi, huwataka viongozi wawe na mtu wa kuwasimamia, na huwaacha wanachama waondoke pasipo kuulizwa.

Changamoto za Johannesburg

Viongozi wengi wa makundi haya ni watu wa umri mkubwa, kwa kuwa vijana hutafuta kazi na hawana muda. Mikutano ya jioni hukabiliwa na hofu ya uhalifu na uhaba wa usafiri wa umma. Ramani ya ubaguzi wa zamani haijafutika pia, kwani umbali kati ya vitongoji vya kaskazini na Soweto haupimwi kwa kilomita peke yake.

Lugha ni kikwazo kingine. Vitabu na mafundisho mengi ya tafakuri yako katika Kiingereza, ilhali nchi ina lugha rasmi 12. Hapo ukimya una faida yake. Msotho, Mzulu na mhamiaji kutoka Kongo anayeishi Yeoville wanaweza kusali pamoja nusu saa nzima bila kuhitaji mkalimani.

Afrika Kusini ilipofunga shughuli zake mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, makundi mengi ya sala duniani yalihamia kwenye intaneti. Baadhi ya watu walirejea ukumbini baadaye, na wengine hawakurudi. Waliobaki mtandaoni walipata nafasi ya kusali na wenzao wa mbali, lakini walipoteza kitu ambacho watu wa kujitolea hukitaja kuwa cha thamani, yaani mtu wa kukupangia kiti na kukupokea mlangoni.

Mustakabali wa makundi haya hautegemei majengo wala fedha nyingi. Unategemea kama watapatikana watu wa kushika funguo, kuwasha mshumaa na kupiga kengele, wiki baada ya wiki, bila kutajwa majina. Katika jangwa la Misri, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kazi ilikuwa hiyo hiyo.